Sifuri za Mama Pasi

Mke wangu ni dobi. Ananyoosha nguo za watu tangu kabla hatujaoana, na mkono wake wa kulia una kovu la pasi kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Hata kwenye darasa lake la jioni wanamwita Mama Pasi. Ni darasa la kuandika programu za kompyuta. Mwisho wa mafunzo, mwanafunzi mmoja tu angeajiriwa na ofisi inayoliendesha, na mke wangu aliitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba, maana mvuke unamla kifua.

Swali la mtihani, walilopewa mapema wakaliandae nyumbani, lilihusu miti. Si ya mbao. Hiyo naijua, mimi ni seremala. Hii yao ni michoro ya nani yuko chini ya nani.

"Chukua wanetu wawili," alinieleza. "Mmoja awe juu, mwingine chini yake, kushoto au kulia. Njia ngapi?"

"Mbili."

"Na wakibadilishana?"

"Nne. Haya, umeniweza."

"Wakiwa watatu ni thelathini, baba watoto. Swali linataka wawe hamsini."

Kumbe kompyuta nayo ina kikomo. Namba ikizidi mno, inafurika na kutoa upuuzi. Kwa hiyo alilikata jibu vipande vya tarakimu nne nne, kila kipande kisanduku chake, akazidisha kimoja kimoja na kubeba kinachozidi, kama tulivyofundishwa shule ya msingi.

Siku ya mtihani nilikaa benchi la nyuma kumsubiri. Mkufunzi akatazama jibu lake, akacheka.

"Mama Pasi, hii namba umeipiga pasi mpaka imesinyaa!"

Darasa likaangua kicheko. Mke wangu akakikazia macho kioo cha kompyuta.

"Nimeona. Kisanduku chenye sifuri nne kimechapisha sifuri moja. Hesabu ni sahihi, kuchapisha ndiko kumekosea. Nipe dakika moja nirekebishe."

"Muda umekwisha."

Hapo damu ikanichemka. Muda mfupi kabla, vijana wawili walikuwa wamekosea, naye akawaambia, "Rekebisheni, jamani, kosa dogo hilo." Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Mimi ni mtu wa kuomba hata chumvi kwa kunong'ona, lakini nilisimama.

"Mwalimu, samahani. Wale umewaruhusu."

"Wewe nani?"

"Mumewe."

"Hapa si ukweni, mzee. Kaa chini."

Sikukaa. Mke wangu naye hakungoja ruhusa. Alishaandika mstari mmoja, akabonyeza. Namba ikajitandaza kiooni, mkiani sifuri kumi na mbili badala ya tatu. Mmoja wa vijana wale akailinganisha na yake.

"Ni ileile, mwalimu."

Mkufunzi akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi.

"Nimesema muda umekwisha."

Nafasi akapewa kijana huyohuyo, ambaye alishindwa hata kututazama usoni. Simlaumu, alisema kweli mbele ya watu. Asubuhi mke wangu akarudi kwenye mvuke, akikohoa, bila kulalamika. Mimi ndiye nilalamikaye. Jirani yetu ananiambia niache kujitesa, kosa ni kosa. Sawa, kosa ni kosa. Basi lingekuwa kosa kwa wote watatu.