Bega la Kushoto

Greda alikuwa na maneno ya kila kitu. Mwanamieleka akirushwa nje ya kamba, alikuwa na maneno yake. Refa akiteleza, anayo. Siku moja taa za ukumbi zilizimika katikati ya pambano, naye akaendelea kutangaza gizani kwa dakika nne, akisimulia mangumi ambayo hata waliokuwa wakipigana hawakuyajua. Kila Jumapili saa kumi alasiri alikaa kwenye kimeza chake kando ya ulingo, vidude vya kusikilizia vikimbana masikio, mguu wa kulia usiokunjika kaunyoosha mbele, akaongea mpaka saa kumi na mbili bila kumeza mate. Chumvi aliyoitia kwenye mapambano yale ingetosha kukaushia samaki wa ziwa zima.

Kabla ya kuongea, alipigana. Alikuwa na kilo mia moja na kumi na mbili, na jina la Greda alipewa kwa sababu aliwasawazisha watu kama barabara ya vumbi.

Sasa tusidanganyane: mieleka ile ya ukumbini hupangwa. Nani asiyejua? Hata wanaobishania matokeo kwa kinyozi wanajua, ila ubishi mtamu. Promota aliandika jina la mshindi nyuma ya kipande cha tiketi, akawaonyesha wote wawili, akakitafuna. Lakini sakafu haikupangwa, na shingo ya mtu haikupangwa. Anayerushwa humkabidhi mwenzake uti wa mgongo wake, akiamini atarudishiwa mzima. Kwa hiyo katika kazi ile ahadi haikuandikwa popote, na hakuna aliyethubutu kuivunja.

Mwenzake Greda aliitwa Kisirani. Ulingoni alikuwa mtu mbaya, mwenye suruali nyeusi ya kubana, na watu walilipa kiingilio ili wamrushie maganda ya machungwa. Nje ya ulingo alikuwa fundi makochi, mpole hadi anatia uchovu, na ndiye aliyewashonea wenzake wote mavazi. Mama yake alilichukia jina hilo. "Mimi sikuzaa kisirani," alikuwa akisema, "nimezaa mtoto na kilo tatu zake."

Kwa miaka kumi na moja Kisirani alishindwa na Greda. Walisafiri pamoja, wakalala chumba kimoja, wakala sahani moja, wakaitana ndugu. Na jamani, yule bwana alijua kuanguka! Alidondoka kwa kishindo cha kabati, akainuka bila hata mchubuko. Greda alipomshika kiuno amnyanyue, Kisirani aliruka mwenyewe, kidogo tu, kwa ncha za vidole, na mwanamume wa kilo tisini na tano akaonekana mwepesi kama mto wa kulalia. "Greda ana nguvu!" ukumbi ulipiga kelele. Greda alilisikia neno hilo miaka mingi mno, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akaanza kuamini kwamba ana nguvu.

Ndipo Kisirani akaja na ombi, la kwanza na la mwisho.

"Ndugu yangu, Jumapili mama anakuja. Hajawahi kuniona kazini. Niangukie, mara moja tu. Jumapili inayofuata unanikandamiza kama kawaida."

Greda alicheka, akampiga bega. "Hilo nalo la kuombwa? Nitaanguka mpaka nitoboe sakafu!"

Promota akakubali, akaandika jina la Kisirani nyuma ya tiketi, akaitafuna.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama alikaa safu ya tatu, kitambaa cha buluu kichwani, mkoba juu ya magoti, kaushika kwa mikono miwili. Dakika ya kumi na mbili Kisirani alimwinua Greda, akamtupa kama walivyopatana. Njiani alimkinga kisogo kwa kiganja, kichwa kisigonge ubao. Kisha akamlalia kifuani, lakini uzito wote akauweka kwenye viwiko vyake, ili ndugu yake apumue. Refa akapiga sakafu; mabega yakibaki chini hadi tatu, umeshindwa. Moja. Mbili.

Upande mzima wa ukumbi ukasimama. "Greda! Greda! Inuka!"

Na bega la kushoto la Greda likanyanyuka.

Mkono wa refa ulibaki hewani. Kisirani hakusogea. Akamnong'oneza sikioni maneno mawili tu: "Ndugu. Mama."

Greda aliyasikia. Miaka ya baadaye aliwahi kujaribu kujidanganya kwamba kelele zilimzidi, lakini wapi, aliyasikia vizuri. Akainuka, akamshika mwenzake kiuno. Hapo Kisirani angeweza kukaza tu nyayo zake, awe mzito kama gunia la mchanga mbichi, na Greda akaaibika mbele ya umati wake. Hakufanya hivyo. Aliruka kwa ncha za vidole kama siku zote, akapaa, akaanguka vizuri kuliko alivyowahi kuanguka. Moja, mbili, tatu. Ukumbi nusura upasuke, na kule safu ya tatu mama alikuwa bado ameushika mkoba wake.

"Samahani bwana," Greda alisema katika chumba cha kubadilishia nguo. "Mashabiki walinipandisha mori. Jumapili ijayo ni yako."

Kisirani alikuwa akikunja suruali yake nyeusi. "Jumapili ijayo mama hayupo," alisema. Hakugomba, hakununa. Baada ya wiki mbili aliaga watu wote kwa mkono, Greda pia, akarudi kwenye makochi yake.

Waliokuja baada yake hawakujua kuruka, au hawakutaka. Ikadhihirika kwamba Greda alikuwa mtu mzito tu, na mwenye haraka. Mwaka wa pili alilazimisha kumnyanyua kijana mmoja, goti likalia kama kuni kavu, na mieleka ikaishia hapo. Promota akamwonea huruma, akampa maikrofoni.

Ni pale kwenye kimeza, akitazama badala ya kutazamwa, ndipo alipoanza kuona nani hasa alikuwa akifanya kazi. Watu husema majuto ni mjukuu. Ya Greda yalifika miaka kumi na minne, yakapita umri wa wajukuu wake wote. Mara nyingi alisema atakwenda kumwona rafiki yake. Lakini aibu ni kama jirani uliyeacha kumsalimu: kila siku inayopita, kuanza kunakuwa kugumu zaidi. Halafu alikuwa na shughuli. Mwenye kukwepa hakosi shughuli.

Kituo cha televisheni kikaanzisha kipindi cha mapambano ya zamani, na Greda akaitwa studio ayatangaze upya. Fundi mitambo alichagua kanda bila kumuuliza. Greda akaanza kwa mbwembwe zake, "Naam, mabibi na mabwana, fungeni mikanda!" kisha akaona kitambaa cha buluu safu ya tatu. Akaona kiganja kikikinga kisogo. Akaona viwiko viwili vikiwa vimejikita sakafuni, vikitetemeka kwa uzito, ili yeye apumue. Kitu hicho hakuwahi kukiona, maana wakati ule alikuwa chini yake.

Akanyamaza. Fundi mitambo alipunga mikono nyuma ya kioo, akaandika ONGEA kwenye karatasi, akaibandika. Dakika nzima ikapita. Mwisho Greda akasema, "Hapa nilikosea," basi, na watazamaji wakadhani anazungumzia ufundi wa mieleka.

Mkewe nyumbani hakudhani hivyo. "Uliyemkosea hayumo kwenye televisheni," alimwambia. "Ana mlango. Nenda ukagonge."

Karakana ilikuwa nyuma ya safu ya maduka, imejaa makochi yaliyovuliwa ngozi, mbao zao nje. Kisirani alikuwa na mvi na misumari midogo mdomoni. Aliitema kiganjani, akatabasamu kama walioachana juzi.

"Karibu, Greda. Kaa pale, hilo limekamilika."

Kochi lilikuwa la chini mno kwa goti lake, lakini akakaa. Pembeni, karibu na dirisha, mama alikuwa akishona foronya, miwani minene puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho.

Greda alikuwa ameifanyia mazoezi hotuba yake njia nzima. "Ndugu yangu, nilikuibia. Nilimnyima mama kuona mwanawe akishinda. Jumapili nitasema hewani, watu wote wasikie, kwamba pambano lile lilikuwa lako."

"Aa, ya nini tena? Yameshapita hayo," Kisirani alisema, akatafuta nyundo ambayo alikuwa ameishika.

"Mwache aseme," mama alisema. "Lakini aseme la kweli." Akashusha foronya mapajani. "Kwani wewe unafikiri mimi nilikuja kutazama ushindi? Huyu aliniambia siku mbili kabla. 'Mama, kazi yetu ni ya kupangwa, usiogope nikirushwa. Siku hiyo rafiki yangu ataniangukia.' Sasa ushindi wa kupangwa mimi niupeleke wapi?"

Mama akasukuma miwani juu ya pua.

"Kila akija nyumbani ni Greda, Greda. Greda kasema hivi, Greda kacheka vile. Miaka kumi na moja. Nikasema, hebu nipande basi nikamwone huyo anayependwa na mwanangu namna hii." Akakata uzi kwa meno. "Nikakuona."

Yule aliyetangaza gizani kwa dakika nne hakupata neno hata moja. Alitaka kusimama aondoke, lakini kochi lilikuwa chini na goti likakataa. Akayumba, akaanza kuanguka kinyumenyume, bila ustadi wowote, kama mtu ambaye hakuwahi kujifunza.

Mkono mmoja ukamdaka chini ya kwapa. Mwingine ukamkinga kisogo.

"Taratibu," Kisirani alisema. "Nimekushika."