Tangazo Nililolichana

Mwanangu Riziki, karatasi ile niliichana mara mbili, vikatoka vipande vinne, na sitakudanganya: nilisikia raha.

Naikumbuka siku hiyo kama mtu anavyokumbuka ndoto aliyoota homa ikiwa imempanda. Ilikuwa asubuhi, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, ziwa limetulia, na milima ya Kongo imesogea karibu mpaka unadhani ukiita mtu wa kule ataitika. Wewe ulikuwa mgongoni, shavu umelilaza begani kwangu, midomo bado imelowa maji uliyotoka kunywa kwenye ndoo ya jirani. Maji ya ziwa. Mbele yetu ulikuwa mlango wa ofisi ya mtaa umefungwa kwa kufuli kubwa, na juu ya kufuli limebandikwa tangazo lenye muhuri wa ofisi ya kata. Nililisoma kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsomea: “Wananchi wote mnatangaziwa kuwa huduma zote muhimu, ikiwemo maji ya kioski, zitaendelea kama kawaida katika kipindi chote cha sikukuu.”

Kama kawaida! Nikalibandua, nikalichana.

Mimi si mzee. Pengine utakaposoma haya nitakuwa na mvi, lakini leo ninapoandika nina miaka ishirini na minne, kidato cha nne nilimaliza, na meno yangu yote ninayo. Watu husubiri mpaka mtu azeeke ndipo awape nasaha, na kufikia hapo ameshasahau nusu. Mimi nakupa yangu ingali ya moto.

Acha nikurudishe nyuma kidogo. Mwanzoni mwa Desemba ile uliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Nesi wa zahanati, dada mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Singida, alikutibu ukapona, kisha akanishika mkono. “Mama Riziki, msimu huu wa mvua kila uchafu unateremkia ziwani. Huyu mtoto maji ya ziwa hapana. Hata ya kuonja.” Ukisema maneno hayo huku kwetu mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, watu wanakucheka. Wamezaliwa wanalitazama ziwa, samaki wao, dagaa na mgebuka, wanawatoa humo, wanaona kuyakataa maji yake ni kama kumkataa mzazi. “Kwani babu zetu walikuwa wanakunywa nini, soda?” Nikawaambia, kunyweni na babu zenu, mwanangu hapana.

Tena sikuwa na shida, maana kioski cha maji kipo, hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Anayekifungua ni Zakayo, mhudumu pekee, ambaye ufunguo huo mmoja tu huuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mkesha wa Krismasi alikifunga kama anavyokifunga siku zote, akapanda Kalinzi, kule milimani, kula sikukuu kwa mama yake. Ufunguo ulikuwa shingoni. Akaenda nao.

Siku zile baada ya Krismasi, mwanangu, hazina majina. Hakuna Jumanne wala Alhamisi. Watoto wanazunguka na nguo mpya mpaka zinaacha kuwa mpya, harufu ya mawese inakaa hewani kutwa nzima, mitumbwi imefudikizwa mchangani kama watu waliolala. Ukikutana na mtu anakusalimia taratibu, kama anayetoka mbali. Na katikati ya usingizi huo gari la matangazo lilikuwa likipita barabara ya juu na spika lake: wimbo wa Krismasi kidogo, tangazo kidogo, “huduma zote kama kawaida, kama kawaida,” sauti inakwenda mpaka juu ya maji, inarudi ikiwa nyembamba. Sisi wanawake tumepanga ndoo mbele ya kioski kilichofungwa, tunaisikiliza. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya pili tukasonya. Siku ya tatu ndoo chache zilibaki peke yake kwenye foleni, wenyewe wameshuka ziwani na ndoo nyingine.

Mimi nilichota huko huko ziwani, nikachemsha. Mkaa ulikuwa umelowa, nilipuliza mpaka nikaona nyota mchana. Siku ya nne nikasema nikaangalie kama Zakayo amerudi, nikakuacha kwa jirani dakika chache tu. Kurudi, nakukuta umeikumbatia ndoo yake, unachota kwa kiganja, unakunywa, unacheka. Jua lilikuwa linacheza kwenye maji na mwanga wake unacheza usoni kwako. Ulikuwa mzuri, mwanangu, na mimi nilisimama pale nikikutazama. Jirani akasema, “Mawe we, mama yangu! Mbona umemkazia macho mtoto, amekunywa maji tu.” Nikakubeba, nikaenda ofisini. Mengine umeshayasikia.

Sasa, mkabala na ofisi ile anakaa Bibi Tatu, mzaliwa wa Ujiji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya tarumbeta. Alifanya kazi ya uhudumu wa ofisi mpaka akastaafu: kupika chai, kufagia, kubeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile. Alikuwa anageuza dagaa wake kwenye chanja, na alikuwa ameniona tangu mwanzo.

“We Mama Riziki! Umemaliza?”

“Shikamoo Bibi. Nimemaliza.”

“Marahaba. Mkono umepoa?”

“Bado.”

“Basi okota.”

“Niokote nini?”

“Hivyo vipande. Upesi, kabla upepo haujavipeleka Kongo.”

Nikamwambia hiyo ni karatasi ya uongo, iende Kongo, iende popote. Bibi Tatu akaacha dagaa, akavuka barabara polepole huku akijifuta mikono kwenye kanga, akainama kuokota mwenyewe. Nikaona aibu, nikainama na mimi.

“Sikiliza, mama. Mimi kusoma kwangu kwa kubahatisha. Lakini miaka yote ile nilibeba karatasi, na niliona ni ipi inamtoa bosi jasho. Kelele za mlangoni hazikuwahi kumtoa mtu jasho. Walikuwa wanasema, ‘Bibi Tatu, funga dirisha.’ Ila ikiingia barua yenye kiambatisho, chai inapoa mezani.” Akanionyesha kipande chenye nusu ya muhuri. “Leo wangekwambia hawakuahidi maji. Hapa wameahidi, na muhuri wamegonga. Na wewe, msomi wetu, umemchana shahidi wako mwenyewe.”

Msomi wetu! Lilinichoma hilo kuliko kufuli.

Lakini kwanza tulikwenda zahanati, maana tumbo lako lilishaanza kuharisha, halikusubiri barua. Nesi wa Singida alikuwepo. Sikukuu yote alikuwa zamu, mbali na kwao, na hakubandika tangazo lolote mlangoni. Alikunywesha maji ya dawa kijiko kwa kijiko mpaka alasiri, wewe umelegea mapajani kwangu, na mimi natazama kijiko kinavyopanda na kushuka kama kwamba dunia nzima imebaki hapo. Ulipolia ukatoa machozi, dalili kwamba mwili umepata maji, nesi akatabasamu. “Huyo sasa. Akirudia maji yale, mtarudi hapa, na sitakuahidi kitu.” Hapo ndipo nilipojua kwamba hasira peke yake haitoshi. Kioski lazima kifunguliwe.

Bibi Tatu alikoroga unga wa muhogo ukawa gundi, tukavibandika vile vipande nyuma ya jalada la daftari langu la zamani la shule. Tukaanika kwenye chanja, pembeni ya dagaa. Wewe ukalala kwenye mkeka, upepo wa ziwani unakupapasa, na mimi nikaandika barua. Nikamsomea.

Ile ya kwanza, mwanangu, ilikuwa moto. Zakayo nilimwita mwizi. Mtendaji wa mtaa, mwenye ofisi ile ya kufuli, kijana wa watu aliyesafiri kwao, nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Bibi Tatu alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

“Matusi yako nimeyasikia yote. Maji sijayasikia.”

“Vipi?”

“Kioski kimefungwa tangu lini? Hamna. Mtoto kanywa nini? Hamna. Tangazo lilisema nini? Hamna. Na Zakayo kakuibia nini? Hebu mpigie.”

Nikampigia, nikaweka sauti kubwa. Kalinzi kulikuwa na mvua, sauti yake ilikuja kama inatoka chini ya blanketi.

“Dada, mimi nilijua mtendaji ana ufunguo wa pili!”

“Hana. Na amesafiri.”

“Yesu wangu. Niliambiwa nisimwachie mtu, dada. Nikatii. Hata mama yangu kaniuliza mbona naoga na ufunguo.”

Bibi Tatu alicheka mpaka akashika kiuno. Nilijizuia, nikashindwa. Nikaichana ile barua ya kwanza, hiyo ilistahili, nikaandika nyingine. Nakala mbili, kwa mkono. “Moja yao, moja yako,” alisema Bibi. “Ukiwapa yote, umewapa na kumbukumbu yako.”

Asubuhi yake tukapanda ofisi ya kata, kwa wenye muhuri, wewe mgongoni, shahidi wetu kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwepo kijana mmoja wa zamu, anatazama simu.

“Dada, ofisi iko likizo. Njoo baada ya Mwaka Mpya.”

“Mbona wewe upo?”

“Mimi nipo zamu.”

“Na mimi nipo zamu. Huyu hapa mgongoni ndiye zamu yangu.”

Akaipokea, akasoma, akanusa kiambatisho. “Mbona kinanuka dagaa?”

“Kimekaa mwaloni, kama sisi.”

Akajaribu kucheka. Nikamwomba agonge muhuri kwenye nakala yangu. Akakuna kichwa. Muhuri uko kabatini, na ufunguo wa kabati anao mtendaji wa kata, na mtendaji wa kata yuko sikukuu. Nilihisi mkono wangu unaanza tena kuwasha, ule ule wa kuchana. Bibi Tatu akanibana kiwiko, akamwambia kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, “Mjukuu wangu, kalamu yako nayo imefungiwa?” Kijana akanywea. Akaandika chini ya nakala yangu: nimepokea. Akaweka jina, cheo, tarehe na sahihi. Tarehe ilibidi aitazame kwenye simu, maana hata yeye hakujua ni siku gani.

Kisha, mbele yetu, akainua simu akampigia mtendaji wake. Nilimsikia akisema, “Ndiyo, wameambatisha na tangazo lenyewe. Ndiyo, muhuri wetu.” Jioni, jua likiwa bado juu ya maji, pikipiki iliteremka kutoka milimani imejaa tope mpaka kwenye taa. Nyuma amekaa Zakayo, ameushika ufunguo mkononi kama mtu aliyeshika yai.

Sasa nasaha yenyewe, mwanangu. Sikwambii usikasirike. Atakayekwambia mwanamke mzuri hakasiriki, mwogope. Kasirika, lakini hasira isikufanye utupe kile kitakachokusaidia kesho. Wakikuahidi kitu kwa maandishi, tunza maandishi. Ukilalamika, sema siku, sema mahali, sema nini kimekosekana, halafu sema unataka nini. Usimpige mdogo aliyetii amri ukamwacha aliyeitoa. Na usiondoke bila nakala yako.

Mungu akupe maji safi na watu wa kusema nao ukweli. Akupe jirani mkali kama Bibi Tatu na nesi asiyechoka kama yule wa Singida. Siku zako zisizo na majina ziwe za usingizi mtamu tu, pasiwepo hata moja ya kusubiri mlangoni pa mtu.

Barua niliyowasilisha ndiyo hii, neno kwa neno.

Oliva Bukuru,
Mkazi, upande wa mwaloni.

Mtendaji wa Kata.

YAH: KIOSKI CHA MAJI KUFUNGWA SIKUKUU YOTE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Kioski cha maji cha mtaa wetu kimefungwa tangu mkesha wa Krismasi hadi leo ninapowasilisha barua hii. Tangazo lenu, ambalo nimeliambatisha, linasema maji yataendelea kama kawaida. Hayakuendelea.

Jana mwanangu alikunywa maji ya ziwa ambayo zahanati ilikuwa imemkataza. Aliugua, akatibiwa siku hiyo hiyo.

Mhudumu wa kioski simlalamikii. Aliambiwa asimwachie mtu ufunguo, akatii. Ninaulalamikia uongozi ulioandika tangazo bila kuuliza ufunguo uko wapi.

Ninaomba mambo mawili. Kioski kifunguliwe leo. Na ufunguo wa pili uchongwe, ukae kwa mkazi ambaye hasafiri sikukuu. Bibi Tatu amekubali.

Tangazo limechanika kwa sababu nililichana mimi. Kwa hilo naomba radhi. Kwa mengine yote nasubiri majibu.

Wenu,
Oliva Bukuru.

Nakala: Riziki, mwanangu, atakapojua kusoma.