Maombi ya Gilbert Aldous

Gilbert Aldous alisuka vikapu vya samaki mjini Ipswich hadi vidole vyake vilipokakamaa. Wakati huo Kardinali, mzaliwa wa mji ule ule, aliyetoka katika bucha la baba yake akapanda hadi kuishika mihuri ya mfalme kama waziri wake mkuu, alikuwa amejenga chuo na kuweka pembeni yake nyumba ya wazee maskini. Gilbert alipewa humo kitanda, mkate na bia. Naye akaapa juu ya Injili kumwombea mwanzilishi, kwa jina lake, kila alfajiri maadamu yu hai.

Kisha Kardinali akaanguka. Mfalme alimgeuka, naye akafia njiani akipelekwa kuhojiwa. Chuo kikabomolewa, na mawe yake yakaanza kupakiwa majahazini kwenda London. Wazee wakaachiwa nyumba yao kwa sharti moja: jina lile lisitajwe tena.

Gilbert alikihitaji kitanda kile, lakini kiapo hakuwa amemwapia mfalme. Akaamua kuomba kwa kunong'ona, uso ameuelekeza ukutani.

Haikupita Kwaresima, msimamizi wa nyumba akamwita. "Mzee Aldous, nasikia bado unamlilia mtoto wa mchinjaji."

"Nani kasema, Bwana?"

"Hapa ninayeuliza ni mimi. Nikisikia tena, kitanda huna."

Tangu hapo Gilbert hakumwamini mtu, na hasa Robert Fiske wa kitanda cha jirani, rafiki yake wa miaka arobaini. Mbona siku hizi Fiske alipakuliwa kipande kinono cha samaki? Na kikohozi kile cha kila alfajiri, alikuwa akimwashiria nani? Hata usingizini Gilbert hakukubali tena kumpa mgongo.

Siku moja mezani uvumilivu ukamwisha. "Umeniuza kwa nini, Fiske? Kwa mkia wa samaki?"

Fiske aliweka kijiko chini. "Nikuuze mimi? Wewe ni kiziwi, Gilbert! Unadhani unanong'ona? Muuza maziwa anakuitikia amina kule barabarani!"

Wazee wakaangua kicheko. Gilbert hakucheka. "Tangu lini?"

"Tangu Krismasi! Tunakohoa sote mpaka mbavu zinauma, ili tukufunike. Omba kimoyomoyo, ndugu yangu."

"Niliapa kulitaja jina lake. Kimoyomoyo si kutaja."

Alfajiri iliyofuata alilitaja, safari hii akijua kwamba anasikika. Kabla ya adhuhuri alikuwa amevuliwa kanzu ya nyumba ile na kutolewa nje, akaenda kukaa kwa mpwa wake Amice, nyuma ya kiwanda cha ngozi. Huko aliomba kwa sauti yake yote kwa miaka miwili, hadi alipofariki.

Fiske alimtembelea kila Ijumaa. Hata hivyo Gilbert hakumfungulia mlango kabla ya kumuuliza amekuja na nani, na jibu alilidai mara mbili.