Ndege Niliyemwandika Bila Kumwona

Jirani yangu hapa Rumonge ni mpiga picha wa harusi, na mimi ndiye niliyemfundisha kutazama ndege. Nalisema mapema kwa sababu yeye hulisahau. Mimi ni mwalimu. Nilirudi kutoka Tanzania na darubini moja na kitabu cha ndege kisicho na jalada, nikamkuta hajui kutofautisha mnandi, yule ndege mweusi anayezamia samaki ziwani, na bata. Haukupita mwaka, akawa na lenzi ndefu kama mchi, na sokoni wakaanza kumwita bwana ndege. Yeye, si mimi.

Iliniuma. Sitafuti neno la adabu, ulikuwa wivu. Mimi huamka alfajiri, nikaendesha baiskeli hadi Minago kando ya ziwa, nikarudi na minandi wale wale. Yeye hushuka kwenye pikipiki akienda harusini, akapiga picha mbili, akarudi na kitu ambacho sijakiona maishani.

Tulikuwa na daftari moja la ndege, ukurasa wa kushoto wake, wa kulia wangu. Nikaweka sharti: ndege anaandikwa upande wa aliyemtambua, si wa aliyempiga picha. Kitabu kilikuwa changu, kwa hiyo nilijua nani atafaidi. Akakubali.

Jumapili moja nikitoka kanisani nilimkuta mahali wanawake wanapokamua mawese, kamera mkononi.

"Mwalimu, nimepata furukombe muzuri sana. Iko nakula machikichi."

Nikaangalia picha kwenye kioo cha kamera. Tumbo jeupe, mabawa meusi, ngozi nyekundu kuzunguka jicho. Furukombe ana tumbo la kahawia, na chakula chake ni samaki. Huyu alikuwa tai wa michikichi, niliyemtafuta miaka mitatu katika michikichi ile ile ninayopita kwenda shuleni. Roho ilinichoma.

Nikamsahihisha kwa sauti, wote wasikie. Wanawake wakacheka, mmoja akamwambia arudi kukaa kwenye dawati. Nikatoa daftari palepale, nikamwandika tai yule ukurasa wa kulia.

"Ni yako, Mwalimu. Murakoze," akasema, akinishukuru kwa Kirundi, akafunika lenzi yake.

Furaha ile haikufika jioni. Wanafunzi walisikia habari, wakataka kujua tai huyo anarukaje, analia vipi. Nikawaeleza rangi ya jicho, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye picha. Kila Jumamosi nikawa nazunguka mashambani, shingo ikinikakamaa, nikiokota maganda ya machikichi yaliyodonolewa. Ndege mwenyewe hakuna. Yuko kwenye daftari tu, kwa mwandiko wangu mzuri.

Jana asubuhi jirani alisimamisha pikipiki mlangoni kwangu.

"Panda, Mwalimu. Iko pale kwa shamba ya kaka yangu, imejenga juu ya muchikichi. Twende nikuonyeshe ndege yako."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli, nisiione. Laiti angenicheka ningepanda. Nikamwambia siwezi, nina mitihani ya wanafunzi ya kusahihisha.

Shule zimefungwa wiki mbili sasa. Binti yake yuko darasani kwangu, na ripoti yake ya mitihani nilimkabidhi baba mtu kwa mkono wangu.

"Haya," akasema. Akazima pikipiki, akaketi kizingitini kunisubiri nimalize.