Watakatifu wa Udongo wa Madam

Nilikuwa nikiwaogesha watakatifu kila Alhamisi, na kila Alhamisi kichefuchefu kilinipanda. Walikuwa kumi na mmoja, wa udongo uliochomwa na kupakwa rangi, wamejipanga kwenye kabati la vioo sebuleni mwa Madam, mwajiri wangu huko Doha. Aliwarithi kwa bibi yake kutoka Bretania, ile pembe ya Ufaransa iliyojitokeza baharini. Mashavu mekundu, macho ya makengeza, sketi za maua ya buluu na manjano. Ndani walikuwa watupu. Nikiwapindua, nilikuta vumbi lenye mafuta, nta ya mishumaa ya miaka mingi na, siku moja, kifuko cha mayai ya mende. Uchafu huo niliukwangua kwa vijiti vya pamba vya masikio.

Mimi ni Mkatoliki, nikaona ni dhambi kuwaonea kinyaa. Basi nilikuwa napiga ishara ya msalaba kwanza, halafu nasugua.

Mwaka wangu wa tatu, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Kakamega. "Sista, mathe amekataa chakula kabisa. Jaribu ukuje."

Siku zile hukutoka Qatar bila karatasi ya ruhusa yenye sahihi ya kafili wako, yaani yule aliyekuleta kazini. Kafili wangu alikuwa mume wa Madam. Nilimfuata Madam jikoni nikamweleza yote. Machozi yakamlengalenga. Alinishika mkono hadi kabatini, akamtoa Mtakatifu Anna, mama yake Bikira Maria, akamweka mezani na mshumaa.

"Huyu ni bibi yetu sisi Wabretoni wote," akasema. "Tumwombe. Mume wangu ana kazi nyingi, halafu wageni wanakuja. Ngoja kidogo tu."

Nikapiga magoti. Hapo ndipo ninapojichukia hadi leo, kwa sababu niliamini. Wiki tatu nilimbadilishia Anna maua, nikawapikia wageni, nikafuta vumbi kwenye meza ya bwana mkubwa. Karatasi yangu ilikuwa palepale juu ya meza hiyo, nafasi ya sahihi ikiwa tupu, nami niliisogeza, nikafuta chini yake, nikairudisha.

Mama alifariki Ijumaa asubuhi. Madam alilia kuliko mimi. Kisha akamgeuza Mtakatifu Anna, akamtazamisha ukutani. Huku akipenga kamasi, alinieleza kwamba ndivyo bibi yake alivyofanya: mtakatifu asiyesikia huadhibiwa, hapati ua wala mshumaa mpaka ajirekebishe.

"Ametuangusha," akasema.

Ametuangusha! Kidude cha udongo kisichoweza hata kushika kalamu. Nilitamani kutapika palepale juu ya zulia lake, nimwachie aogeshe mwenyewe.

Mumewe alitoka chumbani na nguo za kulalia, akachukua kalamu, akasaini akiwa amesimama. Hakuketi hata. Akaninyooshea karatasi. Niliipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama mama alivyonifundisha kupokea kitu kwa mkubwa, nikasema, "Asante sana, bosi."