Jina la Nasieku Kwenye Rejista

Sisi tuliosoma Kitengela kabla ya maghorofa tunaujua ukungu wa Julai. Uliingia hadi darasani. Tukiwa paredi, punda milia walivuka uwanja wa mpira, tukawasikia bila kuwaona. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na brikicho ya kujificha, mpaka udongo mweusi ukavifanya viatu vizito kama matofali, na saa sita tukala githeri baridi kutoka kwenye mkebe. Vijana wa leo simu ikizima saa moja wanaona wameteswa.

Shule ya msingi ilikuwa imefanywa bure, lakini si kila mzazi aliyeamini. Kwa hiyo Mama Mwende, jirani yetu aliyeuza mboga, alizunguka boma kwa boma kila Jumamosi akitafuta watoto wasiosoma. Aliandamana na Lekishon, kijana aliyemaliza fomu foo, amtafsirie Kimaasai. Hawakulipwa chochote.

"Yeyo," alikuwa akiwaambia akina mama, "huyu mtoto, mbuzi watamfundisha kusoma lini?"

Hao wawili ndio waliomleta Nasieku, tukaketi dawati moja darasa la nne. Muhula wa tatu hakurudi, na rejista ingeanza kusomwa siku ya pili. Kwa mwalimu wetu, asiyeitika wiki mbili alifutwa na nafasi yake ikapewa mwingine. Niliwaza usiku kucha. Asubuhi jina lake liliposomwa, niliinama nikaitika mimi: "Niko, mwalimu!" Kesho yake tena. Siku ya tatu woga ulinishika, nikanyamaza.

"Niko, mwalimu," sauti nyembamba ikaitika kutoka nyuma.

Niligeuka. Wote walikuwa wameinamia vitabu. Sauti hiyo iliitika kila asubuhi mpaka mwisho wa muhula. Nimewauliza wenzangu wote tangu hapo, na kila mmoja anaapa hakuwa yeye.

Siku ya wazazi, Mama Mwende alipewa blanketi na Lekishon jaketi, kwa kutujazia madarasa. Kisha mwalimu mkuu akaanza kuwatuza wanafunzi ambao hawakukosa hata siku moja.

"Nasieku!"

Makofi yakapigwa, yakapungua, yakaisha. Upepo ulipiga turubai la hema.

"Nasieku ako wapi?" Mama Mwende aliuliza. "Nimekuja hapa mara mbili nikaambiwa rejista inasema ako!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa kuwa tulimwitikia, hakuna aliyemtafuta.

"Niko, mwalimu," ikasema ile sauti kutoka safu ya nyuma hemani. Watu wakageuka. Palikuwa na viti vitupu vilivyopangwa tu.

Mama Mwende aliliweka blanketi kwenye kiti. "Lekishon, twende."

Waliondoka alasiri hiyo wakiwa na nguo za kanisani. Waliuliza ndugu baada ya ndugu, na baada ya wiki moja wakampata Illasit, mpakani na Tanzania, aking'oa vitunguu katika shamba la mjomba wake. Januari alirudi. Jina lake liliposomwa aliitika mwenyewe. Nilitega sikio nyuma, kulikuwa kimya.

Siku hizi wazazi na vijana wanaojitolea hutuzwa hotelini, kuna bango na mpiga picha. Wanastahili kabisa. Lakini enzi zetu mtu aliweza kuiacha zawadi kwenye kiti akaenda. Mwezi uliopita nilikuwa katika sherehe kama hiyo, na mgeni wa heshima akasoma kwenye simu majina ya watoto waliorudishwa shuleni. Kila jina lilipigiwa makofi. Mimi niliyaandika yote nyuma ya programu. Sasa nazipigia shule simu, moja baada ya nyingine. Karani hunijibu haraka, "Kwa rejista ako." Namwomba, tafadhali, aende darasani aangalie.