Meza ya Kuegemewa na Mama Mkwe

Tangu siku meza ya zamani ilipompindukia na bakuli la mchuzi, mama mkwe wa fundi seremala alikuwa akila peke yake jikoni. Kila alipoinuka alizoea kuegemea ncha ya meza kwa viganja vyote viwili, na mwili Mungu hakumnyima.

Fundi aliona haya. Anawaundia watu meza, na kwake mkwe anakula kwenye kigoda! Akachonga meza mpya ya mbao nzito, yenye miguu miwili mipana iliyounganishwa chini kwa boriti na kukazwa kwa kabari. Ilipokamilika, akamwomba mkewe aikalie kwenye ncha moja. Ncha ya pili ikanyanyuka.

"Hii ni meza au pembea, baba watoto?"

"Miguu nimeiweka katikati mno. Nilitaka magoti ya watu yapate nafasi."

"Mama hakuangushwa na magoti ya mtu."

Fundi akacheka mpaka randa ikamponyoka mkononi. Akaisogeza miguu karibu na ncha, akakata boriti nyingine ndefu zaidi, akagongomea kabari upya. Kisha akaenda jikoni kumwita mkwe.

Mama hakuketi. Aliegemea ncha moja kwa uzito wake wote, akaitikisa, akazunguka akaegemea na ya pili. Meza ikatulia tuli.

"Mmenikodolea macho ya nini?" akauliza, akivuta kiti. "Pakueni, wanangu, njaa inauma."